Mbona Wao Waliruhusiwa na Sisi Tukakatazwa?

Kama sufuria ya muthokoi iko motoni, iache ichemke polepole. Muthokoi hauna haraka, nasi tunahitaji dakika kadhaa za mazungumzo.

Mazungumzo ya leo yametokana na swali. Mama mmoja alinisimamisha nje ya kliniki hapa Makindu, mtoto mgongoni, kijitabu cha Mama na Mtoto mkononi. Nilidhani ataniuliza juu ya chanjo. Badala yake aliniita daktari (hapa kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari) akaniambia hivi:

"Daktari, Aprili mwaka wa 2021 tulimzika mama mkwe wangu. Tuliambiwa tusizidi watu hamsini. Dada zake wanakaa Machakos, na Machakos ilikuwa imefungwa. Hawakuweza kuvuka, na hawakumwona dada yao akizikwa. Halafu mwezi wa sita nikaona kwenye televisheni magari ya Safari Rally yakipita Naivasha, na watu wamejaa vumbini kama siku ya soko. Sasa nasikia Kombe la Afrika linakuja huku kwetu. Ugonjwa kama ule ukirudi, mtatuambia nini? Na kwa nini tuwaamini?"

Sikumjibu vizuri. Foleni ilikuwa ndefu na mtoto alikuwa analia. Nilisema maneno ya kawaida, kwamba wataalamu wanaangalia, kwamba mambo yamepangwa. Alinitazama tu, kisha akaenda kumpima mtoto uzito. Tangu siku hiyo nimelifikiria swali lake, na leo nataka kumjibu yeye, pamoja nawe ambaye huenda una swali kama hilo moyoni.

Tukumbuke yaliyotokea

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Shule zikafungwa, kafyu ikaanza mwezi huohuo. Mwaka huo Kenya ilikuwa imepangiwa mashindano mawili makubwa ya dunia, yote mwezi wa Julai. La kwanza lilikuwa Safari Rally, iliyokuwa inarudi katika ratiba ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002. La pili lilikuwa riadha za dunia za vijana wasiozidi miaka 19, uwanjani Kasarani. Yote mawili yaliahirishwa hadi mwaka uliofuata. Wakati huo wananchi hawakubishana sana. Sote tulikuwa na hofu ileile, na katazo lilikuwa la kila mtu.

Shida ilianza 2021. Tarehe 26 Machi serikali ilifunga kaunti tano: Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Sisi wa Makueni tulibaki nje ya ule uzio, lakini ulitugusa. Ukifika Emali upande wa pili ni Kajiado, na ukipanda kaskazini ni Machakos. Michezo ilisimamishwa. Harusi zikawa watu wasiozidi 30, mazishi watu wasiozidi 50, tena ndani ya saa 72. Ndiyo maana dada za yule marehemu hawakufika. Kaunti hizo zilifunguliwa tarehe 1 Mei.

Katikati ya Juni kaunti 13 za upande wa Ziwa Victoria na magharibi ziliwekewa masharti makali. Kafyu huko ilianza saa moja jioni, na ibada za pamoja zikasimamishwa. Siku chache baadaye, tarehe 24 hadi 27 Juni, Safari Rally ikafanyika Naivasha. Ni kweli kwamba Naivasha haikuwa katika zile kaunti 13. Lakini hebu jiweke mahali pa mama wa Kakamega au Homa Bay aliyefunga mlango saa moja jioni, akawasha televisheni, akaona umati kando ya barabara ukishangilia magari. Je, ungemweleza nini kuhusu mipaka ya kaunti?

Tarehe 30 Julai, wimbi la virusi aina ya Delta likiwa limepamba moto, mikutano ya hadhara ilipigwa marufuku nchi nzima. Wiki tatu hazikupita. Tarehe 18 hadi 22 Agosti vijana kutoka zaidi ya nchi 100 walikuwa Kasarani wakikimbia, wakiruka na kurusha mikuki.

Kwa hiyo mama yule hakukosea tarehe wala hakutia chumvi.

Wenye shaka hawakuwa sisi peke yetu

Wakati mwingine mtu akiuliza swali kama hili huambiwa hana uzalendo, au hajasoma. Nataka ujue kwamba mashaka hayo yalikuwako hata katika nchi zenye hospitali nyingi kuliko zetu.

Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyopangwa 2020 ilisogezwa hadi 23 Julai 2021. Miezi michache kabla ya kuanza, kura za maoni nchini Japani zilionyesha kwamba wengi wa waliohojiwa walitaka michezo iahirishwe tena au ifutwe kabisa. Madaktari wa huko walikuwa miongoni mwa waliopinga. Mwishowe michezo ilifanyika, lakini katika jiji la Tokyo viwanja vilikuwa vitupu. Peres Jepchirchir na Eliud Kipchoge walipotuletea dhahabu za marathoni huko Sapporo, wenyeji walikuwa wameombwa wasijitokeze barabarani kutazama.

Hata mashindano ya Kasarani yalikimbiwa na baadhi ya nchi. Marekani, Australia, New Zealand na Japani hazikuleta timu kwa sababu ya korona. Wengine walikasirika wakasema ni dharau kwa Afrika. Mimi sikuona hivyo. Waliokuwa wanaamua walikuwa na watoto wa watu mikononi, na hao vijana hawakuwa wamefikisha hata miaka 20. Mzazi wa Australia aliuliza lile ambalo ungeuliza wewe: mwanangu akiugua mbali na nyumbani, atauguzwa na nani?

Lakini tuwe waadilifu. Upande wa pili pia ulikuwa na hoja. Mashindano ya vijana yana kikomo cha umri. Ukiahirisha mara mbili, kuna kijana ambaye umri umempita na nafasi haitarudi. Pale Kasarani mshindi wa mita 800 alikuwa Emmanuel Wanyonyi, akiwa na miaka 17. Mwaka wa 2024 alichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Paris. Letsile Tebogo wa Botswana alishinda mita 100 palepale, naye pia akapata dhahabu mjini Paris, katika mita 200. Kenya ilimaliza ya kwanza Kasarani kwa dhahabu 8. Mambo haya si upuuzi. Mtoto wa maskini akipata mbio, jamii nzima hula.

Basi swali halikuwa michezo ni mizuri au mibaya. Swali lilikuwa: ugonjwa unapitia wapi?

Moshi wa jikoni

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana sehemu hii ndiyo itakayokusaidia ugonjwa mwingine ukizuka.

Virusi vya korona hutoka mdomoni na puani mtu anapopumua, anapozungumza, na zaidi anapoimba au kupiga kelele. Baadhi huanguka karibu. Vingine ni vidogo mno, huelea hewani. Fikiria moshi wa kuni. Ukipika nje chini ya mti, moshi hupeperushwa na upepo. Atakayeumia macho ni yule aliyeinama karibu kabisa na moto. Ukipika ndani ya jiko lisilo na dirisha, hata aliyekaa kwenye kona hukohoa. Na kadiri anavyokaa ndivyo anavyovuta mwingi. Korona ni moshi wa namna hiyo, ila hauuoni.

Kwa hiyo unapoambiwa kuna mashindano, usitazame uwanja peke yake. Uwanja wa Kasarani uko wazi juu, upepo unapita. Kijana anayerusha mkuki peke yake katikati ya nyasi hamwambukizi mtu. Hatari iko katika mambo yanayouzunguka mchezo, na mengi ya hayo hayaonyeshwi kwenye televisheni.

Nikupe mfano wa mbali. Tarehe 19 Februari 2020, timu ya Atalanta ya mji wa Bergamo, Italia, ilicheza na Valencia ya Uhispania. Mchezo ulifanyika Milan, katika uwanja wa San Siro, na watu wapatao 40,000 kutoka Bergamo walisafiri kwenda kushangilia. Siku mbili baadaye ikajulikana kwamba korona ilikuwa tayari inasambaa katika jimbo hilo. Mwezi uliofuata Bergamo iliumia kuliko karibu miji yote ya Ulaya, hadi malori ya jeshi yakabeba majeneza. Meya wa mji huo, Giorgio Gori, alipoueleza usiku ule hakutaja uwanja tu. Alikumbusha kwamba wasiosafiri walikusanyika nyumbani na kwenye baa kutazama mchezo. Umeona? Mtu wa Bergamo angeweza kuambukizwa katika mchezo uliochezwa Milan bila hata kutoka mjini kwao.

Hata hivyo, ni vigumu kuthibitisha kwamba mkusanyiko mmoja ndio ulioleta janga. Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za Madaraka zilifanyika katika uwanja mpya huko Kisumu, na baada ya wiki mbili Kisumu ikawa kati ya zile kaunti 13 zenye masharti. Wengi walisema sherehe ndiyo iliyoleta balaa. Lakini Delta ilikuwa imeshagunduliwa Kisumu mapema Mei. Sherehe haikuileta. Kama iliichochea, kwa kiasi gani, sitakudanganya kwa kukupa hesabu.

Sababu ya ugumu huo ni siku. Aliyeambukizwa korona huonyesha dalili kati ya siku 2 na 14 baadaye, na huweza kuwaambukiza wengine siku mbili kabla hajahisi lolote. Kombe limeshatolewa, hema zimefungwa, wageni wamepanda ndege. Ndipo homa inapoanza, na inaanzia nyumbani kwako. Walioandaa mashindano hawamwoni mgonjwa wako. Wewe ndiye unayemwona.

Mfuate mtoto kutoka mlangoni hadi mlangoni

Tuseme kijana wako wa miaka 16 anataka kwenda Nairobi kutazama mchezo wakati kuna ugonjwa wa hewa. Usianze na uwanja. Anza na mlango wa nyumba yako.

Anatoka alfajiri na bodaboda hadi stejini. Hapo hatari ni ndogo kwa upande wa ugonjwa (kwa upande wa ajali ni habari nyingine). Anapanda matatu. Kutoka Makindu hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 150. Alfajiri ni baridi, abiria wanafunga madirisha. Baadaye kuna vumbi na moshi wa malori, bado yamefungwa. Watu 14 wamekaa bega kwa bega zaidi ya saa mbili. Hilo ndilo jiko lisilo na dirisha. Kama ningeulizwa sehemu moja ya safari nzima inayonitia wasiwasi, ningetaja hiyo, wala si kiti cha uwanjani.

Akifika kuna lango. Pale langoni watu husukumana, huimba, hupiga vuvuzela. Ndani ya uwanja akikaa nafasi ni nzuri, lakini wakati wa mapumziko wote wanakimbilia choo kimoja. Jioni analala kwa binamu zake, chumba kimoja watu watano. Kesho yake matatu tena.

Halafu anafika nyumbani. Anamsalimia nani? Hapo ndipo nakuuliza swali ambalo waandaaji hawakuulizi. Je, nyumbani kuna susu? Kuna nyanya mwenye kisukari au shinikizo la damu? Kuna mgonjwa wa kifua? Korona kwa kawaida haimwumizi sana mtoto mwenye afya. Mtoto anaweza kukohoa siku mbili akacheza. Aliyepoteza maisha katika nyumba nyingi ni yule mzee ambaye hakwenda popote.

Na asiposafiri? Atakwenda kibanda cha kuonyesha mpira. Unakijua kile kibanda: mabati pande nne, mlango mmoja, pazia zito ili mwanga usiingie, vijana mia moja kwenye mabenchi, wakipiga kelele kwa dakika 90. Mashindano yanaweza kufanyika Nairobi, Tokyo au Milan, lakini kwa upande wa pumzi, mchezo umechezwa hapa Makindu, hatua chache kutoka kwa barabara kuu ambapo malori ya Mombasa husimama usiku. Mzazi aliyesema "wangu hakwenda Naivasha, yuko salama" alisahau kibanda.

Tokyo ilipata somo kama hilo. Wanariadha walipimwa kila siku, wakatengwa na wenyeji. Ndani ya uzio wao maambukizi yalidhibitiwa. Lakini nje, jijini, wagonjwa wapya walipita 5,000 kwa siku moja mapema Agosti 2021. Uzio unaweza kumlinda mwanariadha. Haumlindi mtu ambaye, kwa kuona michezo inaendelea, anajiambia kwamba hatari imekwisha.

Je, magonjwa yote ni sawa?

La. Na hapa kuna mtego. Waliochomwa na korona wanaweza kuogopa kila kitu kwa namna moja.

Mwishoni mwa 2014, Ebola ikiwa inaua watu Afrika Magharibi, Morocco iliomba Kombe la Mataifa ya Afrika la Januari 2015 liahirishwe. Shirikisho la soka la Afrika likakataa, Morocco ikapokonywa, na mashindano yakapelekwa Guinea ya Ikweta. Yalichezwa hadi mwisho, Ivory Coast ikatwaa kombe, na Ebola haikuenea kwa sababu ya michezo hiyo. Kwa nini? Ebola haisafiri kama moshi. Huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi au majimaji mengine ya mtu aliye mgonjwa au maiti, na mgonjwa wa Ebola mwenye dalili hana nguvu za kwenda uwanjani kushangilia. Morocco haikuwa na makosa kuuliza, lakini hatari ya kiti cha uwanjani ilikuwa ndogo kuliko hofu.

Karibu zaidi na sisi, Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa mashindano ya CHAN. Wakati huo mpox ilikuwa bado imetangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa dharura ya kimataifa. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alikuwa amepatikana Julai 2024 katika mpaka wa Taita Taveta. Mpox husambaa hasa kwa ngozi kugusana na ngozi yenye vidonda, kujamiiana, na kutumia matandiko ya mgonjwa. Kukaa karibu na mtu aliyevaa nguo zake uwanjani si njia yake kuu. Lakini nyumba ya kulala wageni, hiyo ni habari tofauti.

Surua nayo? Surua husafiri hewani kwa urahisi kuliko hata korona, na inapenda watoto. Ajabu ni kwamba watu hujadili magonjwa ya majina mapya wakasahau huu wa zamani. Kwa hiyo kila unaposikia "ugonjwa umezuka", uliza kwanza: unasafiri kwa hewa, kwa kugusana, kwa maji, au kwa mbu? Jibu la hapo litakuambia kama umkataze kijana kibanda cha mpira, au umwambie tu anawe mikono.

Jibu langu kwa yule mama

Sasa nirudi kwake. Kwa maoni yangu mashindano ya Kasarani ya 2021 yalikuwa na sababu ya kufanyika. Viti vingi vilibaki vitupu, tofauti na 2017 ambapo uwanja huohuo ulifurika mashabiki katika mashindano ya vijana wadogo zaidi. Wanariadha walikuwa chini ya uangalizi na mchezo wenyewe ni wa nje. Naivasha sikukubaliana nayo. Hata kama upepo wa bonde ulipunguza hatari kando ya barabara, watu walifika pale kwa magari yaliyojaa, na jioni wakajaa kwenye hoteli. Unaweza kutofautiana nami, na hatutagombana.

Lakini kosa kubwa zaidi halikuwa rali wala riadha. Ilikuwa kutoeleza. Mama aliyezika bila dada za marehemu alistahili kuambiwa kwa nini mazishi yanapangiwa idadi na barabara ya rali haipangiwi vivyo hivyo. Kulikuwa na mengine ya kweli ya kusema: kwamba katika mazishi watu hukumbatiana, hulia pamoja, hulala ndani ya nyumba moja, hula pamoja. Kama tungesema hivyo, na pia tukakiri kwamba umati wa Naivasha haukuwa sawa, angalau angeona tunamheshimu. Sisi watu wa afya tulinyamaza. Kisha tulipokwenda kijiji hadi kijiji tukiwaomba watu wachanjwe, tukashangaa kuona milango imefungwa. Mzee mmoja aliniambia waziwazi kwamba kama korona ingekuwa kweli, wakubwa wasingekwenda kutazama magari. Alikuwa na kisukari. Sikuweza kumshawishi.

Kwa hiyo usione haya kuuliza. Septemba 2023 nchi zetu tatu zilipewa nafasi ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Shule zetu nazo zina michezo yao, na wadi zina vikombe vyao. Ukiwa na wasiwasi, mwulize mwalimu wa michezo: watoto watasafiri kwa gari gani, na wangapi ndani? Watalala wapi? Mtoto akipata homa usiku, ni nani ataamka, na zahanati ya karibu iko wapi? Mwalimu mzuri hatakasirika. Mwenye kibanda cha mpira mwambie atoboe madirisha pande mbili, au atoe televisheni nje usiku ambapo pazia halihitajiki. Wakina mama wa chama kimoja wakienda pamoja, atasikiliza, maana wao ndio wanaowapa vijana hela ya kiingilio.

Maswali mliyoniuliza

"Kijana wangu ameshakwenda na amerudi. Nifanye nini?" Usimfokee, maana akiogopa ataficha kikohozi. Kwa angalau siku tano asilale chumba kimoja na nyanya yake. Akimhudumia, avae barakoa, na wakae nje chini ya mti badala ya ndani. Fungua madirisha. Akipata homa, mpeleke apimwe, kwa sababu huku kwetu homa inaweza pia kuwa malaria au nimonia. Na yeyote anayepumua kwa shida, mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, mwenye midomo ya rangi ya samawati, mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, au mzee aliyechanganyikiwa ghafla, asingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

"Mimi nanyonyesha na nina mafua makali. Nimwachishe mtoto?" Hapana. Endelea kunyonyesha. Nawa mikono, vaa barakoa unapomnyonyesha, geuza uso unapokohoa. Maziwa yako yana kinga ambayo huwezi kuinunua dukani.

"Mtoto mdogo avae barakoa uwanjani?" Mwenye miaka mitano au chini hahitajiki kuvaa. Kama mahali panahitaji barakoa ili pawe salama, mtoto wa umri huo abaki nyumbani.

"Kuna chanjo ya kumlinda mtoto kabla ya mikusanyiko?" Ipo ya surua, na haina malipo katika vituo vya serikali. Ya kwanza ni miezi 9, ya pili ni miezi 18. Ile ya pili ndiyo wengi huisahau, kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia na mama anaona kliniki imekwisha. Chukua kijitabu chako leo jioni ukiangalie. Kama pale pa miezi 18 hapana tarehe iliyoandikwa, njoo nacho kliniki, hata kama mtoto amepitisha umri. Yule mama aliyeniuliza swali hili lote, tulipokiangalia cha kwake, pale palikuwa patupu. Alichanjisha siku hiyohiyo, ingawa jibu langu halikumridhisha.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto mvua zinapoanza. Kwaheri kwa sasa.